Mpini Ulionyooka wa Mama Klachi

Waliojifunza kuendesha gari kwake walimwita Mama Klachi, na jina hilo hakulikataa, maana aliona lina heshima yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwili wa kutosha, sauti ya kutuliza watu wanaoogopa malori. Siku nzima alikaa kiti cha abiria katika gari la mafunzo, mguu umeelea juu ya breki yake ya akiba, akirudia maneno yaleyale kwa wanafunzi waliotoka jasho: legeza mikono, usukani si mwizi, hautakimbia. Walimsifu kwa subira. Nyumbani waliokuwa wakiishi naye walijua kwamba subira ile huishia kwenye gari.

Jambo moja alijivunia kuliko mengine: hakuwa mtu wa kusitasita. Alichagua mume kwa mazungumzo ya jioni moja, nyumba kwa kuchungulia dirishani, na rangi ya ukuta kwa kunyoosha kidole. Mumewe, mfamasia mpole aliyezoea kupima kila kitu kwa mizani, alikuwa bado anafikiria mambo ambayo mkewe alishayasahau.

Jumamosi alasiri Mama Klachi alikwenda klabu ya upinde. Uwanja wao ulikuwa nyuma ya ghala la vifaa vya ujenzi, shabaha zimepangwa mbele ya ukuta wa matairi yaliyojazwa udongo. Upinde wake ulikuwa wa kisasa, ule wenye ncha zilizopindia mbele, mpini wake umechongwa kama wa bastola kiasi kwamba kiganja huingia chenyewe mahali pake. Ulikuwa na kilengeo cha kurekebisha kwa skrubu, fimbo moja ndefu ya kutuliza mtikisiko, na nyingine fupi pembeni. Wifi yake, dada wa mumewe aliyekuja kukaa kwao kwa muda mfupi miaka mingi iliyopita, aliuita antena, na kila ulipotolewa kwenye begi aliuliza kama unashika taarifa ya habari.

Mambo yaliharibika kwenye mashindano ya klabu. Mama Klachi alikuwa anaongoza. Alivuta, akalenga, na pale pale skrubu ya kilengeo ikaachia, kilengeo kikadondoka kwenye nyasi kama jino bovu. Watu wakasaidia kutafuta skrubu, wakapiga magoti wakapapasa nyasi, isionekane. Ikabidi apige bila kilengeo. Mshale wa kwanza ukaingia kwenye tairi. Wa pili ukaingia kwenye tairi la juu yake. Wa tatu haukuonekana tena mpaka leo.

Kwa hasira, mbele ya watu wote, akasema, "Basi. Kuanzia leo mimi ni mti na uzi tu. Nimechoka kuwa fundi wa skrubu."

Yalikuwa maneno ya mtu aliyeudhika, na yangepita kama yanavyopita maneno ya namna hiyo, kama Kanali asingekuwa karibu. Kanali hakuwahi kuvaa sare yoyote isipokuwa koti la benki, ambako alikaa kaunta mpaka kustaafu, lakini alikuwa na masharubu na namna ya kusimama, na hivyo vilitosha. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wale wachache waliopiga upinde mrefu: mti mmoja mwembamba kutoka ncha hadi ncha, hauna kilengeo, hauna fimbo, una kipande cha ngozi tu katikati pa kushika. Kwao wale wengine wote walikuwa watu wa mashine.

Kanali akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, karibu nyumbani," akasema, kisha akageuka na kuwatangazia wengine kwamba bingwa wao ameacha mashine. Watu wakapiga makofi. Mama Klachi akatabasamu, maana maneno yalishamtoka, na kuyarudisha mbele ya makofi yale kungehitaji uso mgumu kuliko wake.

Upinde mrefu ulitengenezwa na mtu mmoja tu mjini, seremala wa milango na fremu za madirisha, ambaye pinde alizichonga katikati ya kazi nyingine, mbao zilipobaki. Yeye mwenyewe hakuwahi kupiga mshale, na hakuona sababu ya kuanza. Mama Klachi alimkuta akipiga randa, karakana nzima imejaa maranda mpaka kwenye birika la chai.

"Nataka upinde mrefu," akasema. "Wa kawaida. Usio na mambo mengi."

"Mpini gani?" seremala akauliza.

"Kwani kuna mipini mingapi?"

Seremala akafuta mikono kwenye suruali, akaenda kwenye rafu, akarudi na vipande vya mti vyenye urefu wa kiganja na nusu. Kimoja kilikuwa kimenyooka kabisa, kama mpini wa jembe uliopunguzwa. Kingine kilikuwa na bonde dogo katikati, pa kukaa uwazi wa kati ya kidole gumba na cha shahada. Na kingine kilikuwa na bonde refu na nundu ya kuegemea kiganja, kama ule wa upinde wake wa kisasa, ila bila rangi.

Akavishika kimoja kimoja. Hiki cha nundu, kiganja kikaingia kama mtu anayerudi kwenye kiti chake. Hiki cha bonde, kilikuwa si kibaya. Hiki kilichonyooka, hakujua hata pa kuanzia. Mkono ulipanda, ukashuka, ukazunguka, ukakosa pa kupumzika.

"Wewe ungechagua kipi?" akamuuliza seremala.

"Mimi nachonga tu, mama. Ukitaka chenye masikio nitakuchongea chenye masikio."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mama Klachi akasema, "Acha nikafikirie," akaondoka na vile vipande kwenye mkoba.

Alifikiria kwa muda ambao nyumba nzima iliuona mrefu. Alitembea navyo jikoni, akachukua kimoja, akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea friji, akafumba macho, akakirudisha. Alijaribu kushika mpini wa ufagio. Alibeba sanduku la safari likiwa tupu kutoka chumbani hadi sebuleni na kurudi, kwa sababu Kanali alikuwa amemwambia kwamba upinde mrefu hushikwa kama sanduku: mkono unashuka, kisigino cha kiganja ndicho kinachobeba, vidole vinafunga vyenyewe.

"Wifi, unahama?" dada wa mumewe akauliza kutoka kwenye kochi.

"Najifunza kushika."

"Umri huu wote ulikuwa unabeba vitu kwa kutumia nini?"

Mumewe alipima lile jambo kwa siku zake, akalileta mezani wakati wa chakula. "Mimi nimekuangalia," akasema. "Huu wenye nundu ndio unaokaa mkononi mwako. Umezoea mkono juu, kifundo kimenyooka, uzito wote hapa kwenye gumba. Huu ulionyooka utakutaka ujifunze upya kila kitu. Kwa nini ujitese?"

Alikuwa amesema kweli tupu, na ndiyo maana mkewe alikasirika. Yeye mwenyewe alishajua tangu kule karakana. Alichokuwa anatafuta hakikuwa jibu, alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia kwamba jibu lile halina aibu. Lakini mumewe hakuwa na uzito wowote pale klabuni, na mwenye uzito alikuwa Kanali.

Jumamosi akamuuliza Kanali kwa mbali, kama anayeulizia hali ya hewa, anauonaje mpini wa nundu kwenye upinde mrefu.

Kanali akavuta masharubu. "Wapo wanaofanya hivyo," akasema kwa huruma. "Ni sawa na mtu anayehama mji halafu anabeba na mlango wa nyumba ya zamani."

Jioni ile ile Mama Klachi akampigia simu seremala. "Ulionyooka," akasema.

Upinde ulipokuja ulikuwa mzuri, mwepesi, wa rangi ya asali, mpini umevikwa ngozi ya kahawia iliyoshonwa nyuma. Watu wa Kanali waliupitisha mkono kwa mkono wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha akapewa nafasi ya kuupiga.

Kilichofuata kilimuumiza kwa namna nyingi. Upinde wake wa zamani ulikuwa mzito, ukiachia mshale unatulia. Huu ulikuwa mwepesi, ukiachia unaruka mkononi kama samaki. Kwa mazoea kiganja chake kilipanda juu, kikasimamia gumba, na kwa kuwa mpini haukuwa na nundu ya kukizuia, kwa kila mshale kilisimama mahali pengine. Mmoja ulikwenda juu ya shabaha, uliofuata ukachimba ardhi. Akiogopa kuteleza, akaukaba. Na kadiri alivyoukaba ndivyo ulivyojizungusha, na uzi ukamchapa kigasha, chini ya kiwiko, kwa sauti iliyosikika hadi kwenye ghala.

"Ni mwanzo tu," Kanali akasema. "Mkono utakubali."

Mkono haukukubali. Shina la gumba likaota lengelenge, lengelenge likapasuka, na kigasha kikawa na michirizi ya zambarau. Kazini alifundisha akiwa amefungwa bandeji. Alikuwa na mwanafunzi muuza nyama, jitu la mabega mapana lililoshika usukani kwa nguvu mpaka plastiki ikalia.

"Legeza," Mama Klachi akamwambia. "Ukikaba hivyo gari linakwenda unakolisukuma, si unakotaka. Shika kama umeshika kitu kinachoweza kuvunjika."

"Na mkono wako umefanya nini, mwalimu?" muuza nyama akauliza.

"Angalia barabara," akasema Mama Klachi.

Wiki zilipita na mishale ikaendelea kukaa kwenye matairi. Hapo ndipo, siku ya kazi, mchana, saa ambayo watu wa klabu wako makazini, alipoegesha gari la mafunzo mtaa wa pili na kwenda kwa miguu hadi kwa seremala, upinde umefungwa kwenye shuka.

"Ngozi imechakaa," akasema.

Seremala akaigeuza ngozi ile mpya kabisa, akaipapasa, akamwangalia. "Ndiyo," akasema. "Naona."

"Na ukiitoa, hapa chini unaweza kuweka kitu kidogo. Kipande cha ngozi nyingine. Cha kujaza tu."

Seremala hakuuliza swali. Akafungua mshono, akabandika kipande cha ngozi nene pale ambapo kiganja huegemea, akavika upya. Kwa nje mpini ulionekana umenyooka, umenenepa kidogo tu. Jumamosi iliyofuata mshale mmoja wa Mama Klachi ukapata shabaha, kisha mwingine. Kanali akainua kidole kama anayesema, si nilikwambia.

Wiki mbili tatu baadaye ngozi ikachakaa tena. Kikaongezwa kipande cha koki, ule mti laini wa vizibo vya chupa. Halafu seremala akashauri kwamba kama lengo ni kujaza, basi apunguze mti kidogo pale juu ili gumba lipate bonde, na kilichozidi chini kionekane kidogo. Alisema hayo huku anakunywa chai, kama anayezungumzia bawaba. Mwisho wa safari zile, chini ya ngozi ile ya kahawia kulikuwa na mpini wa nundu kamili, bonde lake na egemeo lake, umefichwa kwa ufundi ambao mtu lazima aushike ndipo aujue. Na Mama Klachi hakumpa mtu aushike. Alipomaliza kupiga aliurudisha kwenye shuka haraka, na watu wakasema huyo kweli anauheshimu upinde wake.

Mishale ilianza kukaa pamoja katikati. Sifa zikaja, na pamoja nazo ombi: Kanali alitaka awafundishe wanachama wapya habari ya kushika, kwa sababu yeye ndiye mfano ulio hai wa mtu aliyetoka kwenye mashine na kuupata mkono wa kweli. Mama Klachi alijaribu kukwepa, lakini ndani yake mwalimu alikuwa mzee kuliko mkweli. Akasimama mbele ya watu, akaeleza habari ya sanduku, kisigino cha kiganja, vifundo vya vidole kukaa mshazari, kutokaba. Alieleza vizuri sana. Kila neno lilikuwa sahihi, ila tu yeye hakulitumia. Mwanachama mmoja mpya, mshonaji wa mapazia, alisikiliza kwa makini kuliko wote. Mshonaji yule alikuwa amejinunulia upinde mrefu wenye mpini wa nundu, na baada ya somo alikwenda kwa seremala akauchongesha ukanyooka.

Mama Klachi alipata habari hizo karakana, alipokwenda kubadilishiwa ngozi. Seremala alikuwa ametoka kutafuta gundi kwa jirani, na Mama Klachi akaingia, akakuta juu ya meza upinde mwingine mrefu uko uchi, ngozi imevuliwa na kutandikwa kando. Mti wake aliutambua kwa weusi wa uzee, na kwa pete ya shaba ya kwenye ncha aliyoiona kila Jumamosi. Ulikuwa upinde wa Kanali. Na pale katikati, palipotakiwa kuwa pamenyooka, palikuwa na nundu ya koki iliyopakwa vanishi, kubwa kuliko yake, imelainishwa na miaka ya kiganja kimoja.

Akasimama akaiangalia. Akanyoosha kidole.

"Usiguse, mama, haijakauka," seremala akasema akiingia na kopo.

Nyuma yake akaingia Kanali, amevaa kofia iliyoshushwa hadi kwenye nyusi, kofia ambayo klabuni haijawahi kuonekana. Alimwona Mama Klachi, akauona upinde wake mezani, akauona na ule uliofungwa shuka. Masharubu yake yakatafuta pa kukaa.

"Umekuja kwa ajili ya ngozi?" akauliza hatimaye.

"Ngozi," akasema Mama Klachi. "Ilikuwa imechakaa."

"Na yangu pia."

"Ngozi za siku hizi."

"Hazidumu kabisa."

Seremala akawamiminia chai, wakakaa kwenye benchi kama watu waliokutana kliniki. Alikuwa na furaha ya mtu mwenye wateja wawili kwa pamoja. "Mimi mambo ya mishale siyajui," akasema, "lakini sijawahi kuona ngozi zinazochakaa kama za klabu yenu. Mwenye duka la viatu alikuja juzi. Yule mwalimu wa hesabu, kila mwezi. Ni huyu mama mshonaji tu aliyekuja kutoa nundu badala ya kuweka. Nilimwambia, mama, una uhakika? Akasema amefundishwa."

Kanali akatazama ndani ya kikombe chake. Mama Klachi naye akatazama ndani ya chake. Tangu siku hiyo walisalimiana kwa adabu kubwa zaidi.

Jumamosi iliyofuata Mama Klachi alimkuta mshonaji amekaa peke yake nyuma ya ghala, anafunga plasta kwenye gumba. Kigasha chake kilikuwa na michirizi ile ile. Kwa mtu anayeshona kutwa, gumba lilikuwa mali. Mama Klachi akakaa karibu naye. Roho ilimsuta, lakini si kiasi cha kusema ukweli wote; ilimsuta kiasi cha nusu.

"Mwenzangu," akasema kwa sauti ya chini, "nenda kwa seremala. Mwambie ngozi imechakaa."

"Haijachakaa," mshonaji akasema. "Ni mpya."

"Najua. Wewe mwambie hivyo. Ataelewa."

Mshonaji akamwangalia, akauangalia upinde uliofungwa shuka, akafikiri. Hakuwa mtu wa haraka, lakini alikuwa akifika. "Kwani," akasema, "nikimwambia tu kwamba nautaka wenye nundu, si atauchonga?"

"Atauchonga. Lakini watu watauona."

"Watauona halafu?"

Mama Klachi akafungua mdomo ili aeleze kitakachotokea watu wakiuona, akakuta hana cha kueleza. Alikuwa amelikimbia jambo lile kwa miezi mingi bila hata siku moja kugeuka kuliangalia lina ukubwa gani.

Jumamosi nyingine mshonaji akaja na mpini wake wa nundu, mti mtupu uliopakwa mafuta, hauna hata ngozi ya kuazima. Mama Klachi alijiweka pembeni aone. Kanali akaja, akauchukua, akaushika, kiganja chake kikaingia mahali pake, na kwa dakika nzima hakuurudisha. "Mpini mzuri," akasema. Mwenye duka la viatu akaomba na yeye aushike. Mwalimu wa hesabu akauliza ni mti gani. Kisha wakaenda kupiga, na habari yenyewe ikaishia hapo.

Jioni alimsimulia mumewe, sehemu ile tu ya mshonaji. Mumewe, maana nyumbani siri ya mpini ule ilishajulikana, akaipima, akasema, "Basi na wewe vua hiyo ngozi yako."

"Nikiivua sasa," akasema Mama Klachi, "wataniuliza kwa nini niliivaa."

"Wakikuuliza utasema nini?"

"Ndiyo maana siivui," akasema, na wifi yake kutoka kwenye kochi akacheka mpaka akakohoa.

Hakuivua. Aliendelea kupiga vizuri, mwaka ule akashika nafasi ya pili nyuma ya Kanali, na wote wawili wakaendelea kumpelekea seremala ngozi zao kwa zamu, siku tofauti, bila kupanga. Somo la kushika akamwachia mshonaji, kwa kisingizio cha magoti. Mshonaji hakufundisha habari ya sanduku. Aliwapa wapya mipini yote washike, na kila mtu akapata wake kabla chai haijapoa. Siku moja, katika somo hilo, kijana mmoja wa ofisi ya posta alimuuliza Mama Klachi yeye anatumia upi.

"Ulionyooka," akasema, akaenda kuokota mishale yake.